Kuondoa ukoloni kwenye saikolojia ni kitu gani hasa, au tunabadilisha majina tu kwenye silabasi?

kalamu_kavu

Wakuu habari za saa hizi. Nasoma masters ya saikolojia, niko hatua ya propozo, na idara yetu mwaka huu imeingiwa na wimbo mmoja tu, kuondoa ukoloni. Kila semina kuondoa ukoloni, kila mhadhiri akisimama kuondoa ukoloni, na sisi tunaitikia amina. Lakini nikiangalia kilichobadilika kiukweli ni kwamba wiki ya kwanza ya kozi ya historia imeongezewa slaidi za Fanon, yule daktari wa akili aliyeandika dhidi ya ukoloni, wiki ya pili tunarudi palepale kwa Wundt na maabara yake ya Leipzig ya 1879, halafu Freud, halafu Watson, halafu Maslow na piramidi yake ya mahitaji ya binadamu, mpaka mtihani.

Sasa mimi nataka kufanya utafiti wa sonona kwa wanawake wanaolea watoto wadogo peke yao. Supavaiza wangu wa kwanza anasema tumia PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, imeshatumika dunia nzima, mjadala umefungwa. Wa pili (huyu ndo wa kuondoa ukoloni) anasema hicho kipimo ni cha kikoloni nikitupe nitengeneze changu "kutoka kwenye hekima ya jamii". Nikamuuliza natengenezaje, akaniambia nikasome. Nimesoma mpaka macho mekundu, nusu ya makala yanasema tuzihoji epistemolojia (yani tunajuaje tunachodai kukijua), na hakuna hata moja linaloniambia Jumatatu asubuhi naanza na nini.

Kwa hiyo nauliza bila kuzunguka, hiki kitu kina nyama au ni fasheni? Na kama kina nyama, mwanafunzi wa kawaida mwenye supavaiza wawili wasioelewana anafanyaje?

fundi_bisibisi

Nitasema linaloudhi halafu mnirushie mawe. Neuroni haina pasipoti. Mtoto popote alipo akishtuka analia, mtu akifiwa anahuzunika, kumbukumbu ya muda mfupi ina kikomo kwa kila mwenye kichwa. Kama kuna nadharia haifanyi kazi kwa watu fulani basi leta data, onyesha kwamba haifanyi kazi, nadharia itaanguka au itarekebishwa, na hiyo inaitwa sayansi, ina jina lake tayari haihitaji kubatizwa upya. Hili la kuondoa ukoloni naliona ni siasa imevaa koti jeupe la maabara, na wanaolipigia debe wengi ni wale waliokuwa wanakimbia vipindi vya takwimu, leo ndo wanatuambia namba ni za kikoloni.

@kalamu_kavu tumia PHQ-9, maliza, hitimu. Kupindua dunia utafanya ukishapata ajira.

Mama_Takwimu

Mimi sikukimbia takwimu mdogo wangu fundi, nazifundisha, na kuna wanafunzi wananichukia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tuongee kwa data kama ulivyotaka.

Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichukua majarida sita ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, makala za 2003 mpaka 2007, akahesabu watu waliopimwa wanatoka wapi. Asilimia 68 Wamarekani. Ukiongeza na nchi nyingine za Magharibi zenye viwanda unafika asilimia 96, na hizo nchi zote kwa pamoja zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Na usidhani ni Wamarekani wa kila aina, kwenye jarida lao kubwa la saikolojia ya jamii asilimia 67 ya sampuli za Marekani zilikuwa wanafunzi wa chuo waliochukua kozi ya saikolojia na si mtu mwingine yeyote. Yani yule "binadamu" wa vitabu vyetu ni kijana wa mwaka wa kwanza anayetafuta maksi za ushiriki. Wakaja kina Henrich, Heine na Norenzayan 2010 wakakusanya ushahidi wakaonyesha huyo kijana sio tu sampuli finyu, kwenye mambo mengi yuko pembezoni kabisa ukimlinganisha na wanadamu wengine, sasa sisi tumemfanya yeye ndo katikati.

Mnaikumbuka ile picha ya Müller-Lyer, mistari miwili inalingana ila mmoja mishale yake imefunguka nje na mwingine imefunga ndani? Kitabu cha utangulizi kinakuambia jicho la binadamu linadanganyika. Segall, Campbell na Herskovits walitoa matokeo 1966 kutoka jamii nyingi, waliodanganyika kuliko wote ni wanafunzi wa Evanston kule Illinois, na Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Huo ni mstari jamani, sio penzi wala maana ya maisha, ni kuangalia urefu wa mstari, na hata hapo "binadamu" amegoma kuwa mmoja.

Halafu kuna Robert Serpell, huyu mimi ndo nampenda zaidi maana utafiti wake ni mdogo na safi, mtu yeyote anaweza kuuelewa. Alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester akawapa kazi ileile, ona umbo kisha liige. Kwa penseli na karatasi watoto wa Manchester wakashinda. Kwa kukunja waya watoto wa Lusaka wakashinda, kwa sababu kukunja magari ya waya ndo mchezo wao wa kila siku. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao wote wameuzoea, hakuna tofauti. Alichapisha 1979. Sasa fikiria angekuwa mtafiti mwingine amebeba penseli peke yake, angerudi na ripoti gani kuhusu akili ya mtoto wa Lusaka? Na hebu jiulize ni watafiti wangapi walibeba penseli peke yake kabla yake na baada yake.

Fundi unasema leta data nadharia itaanguka. Hiyo data ya mstari ina umri mkubwa kuliko wengi humu. Kitabu cha utangulizi kimebadilika? Jicho la binadamu bado linadanganyika ukurasa uleule. Kwa hiyo data peke yake haiangushi kitu, kuna mtu anaamua data ipi iwe nadharia na ipi iwe kisanduku cha "tofauti za kitamaduni" mwisho wa sura, kile ambacho mtihani haukigusi.

fundi_bisibisi

Sawa mama, lakini umenithibitishia mimi. Serpell ni mwanasaikolojia aliyetumia jaribio lenye udhibiti, vikundi viwili, kazi zilezile, akalinganisha. Hiyo ni sayansi ya kawaida imejirekebisha yenyewe. Ita "sampuli mbovu", nitakuunga mkono mchana na usiku. Ukoloni umeingilia wapi?

mzee_wa_maktaba

Ukoloni umeingilia mlangoni kijana wangu, kwa miguu yake miwili, tena akiwa ameajiriwa.

Wewe unaongea kana kwamba saikolojia ilikuwa imekaa maabara inakosea kidogo kidogo kwa kukosa sampuli. Haikukaa. J.C. Carothers alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni Kenya, akawekwa kuendesha hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, humo ndani akamfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani hilo, sio gazeti la udaku. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya Kenya ikamtumia kueleza Mau Mau, na akaeleza, ni tatizo la kisaikolojia, watu wamevurugwa na mabadiliko. Ardhi iliyochukuliwa ikawa jambo la pembeni, kilichougua ni kichwa cha aliyenyang'anywa. Na wakati huohuo kambi za kizuizini zinajaa watu. Sasa niambie hapo tatizo ni ukubwa wa sampuli?

Algeria vilevile, Antoine Porot na wenzake wa Algiers walifundisha vizazi vya madaktari kwamba Mwaljeria kwa maumbile ni mvivu wa fikra na mwepisi wa kuua. Fanon alipofika hospitali ya Blida 1953 alikuta hiyo ndo elimu rasmi. Watu wanamjua Fanon wa hasira na vita, mimi nawaambia msomeni Fanon wa wodini. Alianzisha tiba ya kijamii aliyojifunza Ufaransa, gazeti la wodi, sherehe, mikutano ya wagonjwa, kwa wanawake wa Kizungu ikaenda vizuri, kwa wanaume Waislamu wa Algeria ikadoda. Yeye na Jacques Azoulay wakaandika 1954 kwa nini ilidoda, walikuwa wamechukua maisha ya jamii nyingine wakayapandikiza, wakabadilisha, wakaweka mkahawa wa kukaa wanaume, wakaheshimu sikukuu zao, wakaleta msimuliaji wa hadithi, wodi ikaamka. 1956 akiwa na Charles Geronimi wakaangalia kile kipimo cha picha ambapo unaonyeshwa kadi unatunga hadithi. Wanawake wa Kialjeria walikuwa hawatungi, wanataja vitu vilivyopo kwenye kadi moja moja na kunyamaza. Mfuasi wa Porot angeandika hawana uwezo wa kufikiria. Wao waliandika kwamba picha zimetoka kwenye ulimwengu ambao sio wa hao wanawake, hakuna cha kukitungia hadithi.

Na kama Kenya na Algeria hazitoshi, Hendrik Verwoerd, yule wa apatheidi Afrika Kusini, alikuwa profesa wa saikolojia Stellenbosch, udaktari wake wa 1924 ni wa saikolojia. Hakuiacha saikolojia mlangoni alipoingia serikalini.

APA wenyewe Oktoba 2021 waliomba radhi rasmi kwa mchango wa saikolojia katika ubaguzi wa rangi Marekani. Mtu haombi radhi kwa sampuli ndogo.

sauti_ya_pembeni

Mmesahau Maslow. Ile piramidi aliiba kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini, Blackfoot, akaigeuza juu chini akaipa jina lake. Googleni.

Mama_Takwimu

Ndugu yangu sauti, polepole. Maslow alikwenda kwa watu wa Siksika, ndo hao Blackfoot, kweli, kiangazi cha 1938, na alivutiwa nao sana, hilo liko wazi. Lakini kwamba ngazi ya mahitaji ya 1943 ameiiba huko, ushahidi wake ni mwembamba mno, na hiyo piramidi yenyewe hakuichora Maslow, walikuja kuichora watu wa mambo ya menejimenti baadaye. Tukiwa tunadai ukweli tusianze na uvumi, maana kina fundi wanasubiri hapohapo.

fundi_bisibisi

Hahaha nilikuwa naandika tayari, mama kaniwahi.

Mzee hiyo ya Carothers imeniingia, sikatai. Ila ngoja niwape upande mwingine maana humu kuna harufu ya asali tu. Mnaposema "hekima ya jamii", jamii ni nani? Maana kila mara nikisoma hizi saikolojia za kienyeji nakuta mtu ameketi ofisini ameandika kwamba watu wetu ni wa pamoja, sisi hatuna ubinafsi, sisi mtu ni watu, basi, hakuna mtu aliyehojiwa. Carothers alisema Mwafrika yuko hivi bila kumsikiliza, na huyu naye anasema Mwafrika yuko hivi bila kumsikiliza, tofauti ni kwamba huyu anasifia. Halafu hao wanawake anaotaka kuwahoji @kalamu_kavu, wanaolea peke yao, ukienda kuuliza "jamii" inawaonaje utapewa hekima ya kuwasema vibaya. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wazee wa jamii nao wana ngoma yao.

kalamu_kavu

Fundi hapo umegusa kitu nilichokuwa nakiogopa kukisema mbele ya supavaiza wa pili. Hao wanawake wengine wameachwa, wengine wameondoka wenyewe kwa kupigwa, nikianza na "maadili ya jamii" nakuwa nimeshachagua upande.

Mama Takwimu na Mzee naomba mnisaidie kitu kimoja. Mifano yote mliyotoa ni ya kukosoa. Kuna mahali mtu alijenga, ikafanya kazi, ikapimwa?

daktari_wa_mchana

Naingia hapa maana hii ndo kazi yangu, nafanya kliniki.

Ya zamani: Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria, 1954 pale Aro, Abeokuta. Badala ya kufungia watu wodini, wagonjwa walikaa vijiji vya jirani wakiwa na ndugu zao, wanakuja hospitali kutibiwa, na aliwashirikisha waganga wa jadi pia. Dawa za hospitali zilikuwepo, hakuzikataa, alikataa ukuta. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lilelile lililomchapisha Carothers, mzee wa maktaba hiyo utaipenda.

Ya karibuni: Dixon Chibanda, Zimbabwe, mwaka 2006. Madaktari wa akili nchini wa kuhesabu vidoleni. Akafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wanawake watu wazima, mabibi, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kupanga tatizo moja moja. Huko watu wana neno lao la kufikiri kupita kiasi, kufungisisa, wakaanzia hapohapo kwenye lugha ya mgonjwa, na kipimo wakatumia cha Kishona chenye maswali 14 kilichojengwa miaka ya tisini kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, sio kutafsiriwa. Lakini fundi sikia hapa, tiba yenyewe ya kutatua matatizo hatua kwa hatua asili yake ni Magharibi! Na walipoipima walifanya jaribio la kugawa vikundi kwa bahati nasibu, kliniki 24, watu 573, likachapishwa 2016 kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, miezi sita baadaye waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sasa hiyo ni ya kikoloni au sio? Mbinu ya Magharibi, takwimu za Magharibi, bibi wa hapohapo, lugha ya hapohapo, swali la hapohapo. Mimi naona swali la "imetoka wapi" linatupotezea muda. Nani aliuliza swali, na je, anayeulizwa ana nafasi ya kukwambia umekosea? Mkahawa wa Fanon ulizaliwa kwa sababu wagonjwa walimwonyesha amekosea na yeye akakubali kusoma hilo kama taarifa na sio kama ujinga wao. Carothers hakutoa hiyo nafasi kabisa, mgonjwa wake hata akigoma, kugoma kwenyewe ni dalili.

mzee_wa_maktaba

Naongezea mmoja kwa daktari. Ignacio Martín-Baró, padri Mjesuti na mwanasaikolojia, El Salvador. Yeye silaha yake ilikuwa kura ya maoni, dodoso la kawaida kabisa lenye asilimia. Serikali ilikuwa inatangaza wananchi wanataka vita viendelee, yeye 1986 akaanzisha taasisi ya kupima maoni chuoni kwake na asilimia zake zikawa zinasema vingine. Wanajeshi walimuua Novemba 1989, yeye na mapadri wenzake watano na mpishi wao na binti wa mpishi. Kwa hiyo wale wanaosema namba ni za kikoloni waende wakawaambie hao wanajeshi, wao waliziogopa kuliko mashairi.

sauti_ya_pembeni

Mzee umenifanya ninyamaze.

Mama_Takwimu

Haya tumalizie Jumatatu asubuhi ya @kalamu_kavu, maana yeye ana tarehe ya kuwasilisha na sisi tunajifurahisha.

Usiitupe PHQ-9 na usiiamini. Ilitoka 2001, ilijaribiwa kwa wagonjwa 6,000 wa kliniki za Marekani, alama zinaanzia 0 mpaka 27, na ile 10 ambayo kila mtu anaitumia kusema huyu ana sonona iliwekwa kwa kulinganisha na mahojiano ya wataalamu kwa wagonjwa haohao wa Marekani. Hiyo 10 haikushuka kutoka mbinguni. Ukiichukua kavukavu ukaandika "asilimia kadhaa ya wanawake hawa wana sonona" hujapima sonona, umepima wangapi wamevuka mstari uliochorwa kwa watu wengine.

Sasa angalia maswali yenyewe. Kuna la usingizi, kuna la uchovu, kuna la hamu ya kula, kuna la kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Mwanamke mwenye mtoto mchanga na hana wa kumpokea usiku atajibu ndiyo, karibu kila siku, kwa yote manne, na hapo bado hajaugua chochote, amelea tu. Hapo hata haihitaji kuvuka bahari, hata mama wa Manchester anayelea peke yake atakujibu hivyohivyo. Ndo maana nawaambia watu jambo hili sio Afrika dhidi ya Ulaya, ni nani alikuwa akilini mwa mtunga maswali wakati anatunga.

Kwa hiyo anza kwa kukaa na wanawake wachache kabla ya kupima yeyote. Usiwaulize maswali ya kipimo, waombe wakusimulie siku ambayo mambo yalikuwa mazito, ilianzaje, mwilini ilikaa wapi, walijuaje kwamba sasa sio uchovu tu, waliyemwambia alisema nini. Wafilipino wa shule ya Virgilio Enriquez tangu miaka ya sabini wana njia yao ya kuuliza-uliza, unauliza kama mtu anayekaa pale, unarudi tena, na muhimu zaidi na wewe unaulizwa na unajibu. Wakikuuliza wewe umeolewa, una mtoto, unafanya hivi ili upate nini, jibu. Ukikwepa na wao watakwepa na hutajua kwamba wamekwepa, data itaonekana nzuri tu.

Baadaye wape PHQ-9 na mwambie kila mmoja akueleze kwa sauti ameelewaje kila swali na kwa nini amechagua jibu hilo. Utashangaa. Kisha ongeza maswali yako machache yaliyotoka kwenye simulizi zao, yaende sambamba, sio kuchukua nafasi. Ukishakusanya, angalia kama maswali yanashikana kama ulivyoahidiwa, na kama yale ya usingizi na uchovu yanakimbilia upande wao peke yao. Na kwa sehemu ndogo ya sampuli mtafute mtaalamu afanye mahojiano ya kitabibu bila kuona alama, ndo utajua 10 yao ni ngapi kwa watu wako. Ukikuta kipimo kinafanya kazi vizuri kabisa andika hivyo, usione aibu, hayo nayo ni matokeo. Supavaiza wa kwanza atapata PHQ-9 yake, wa pili atapata simulizi zake.

daktari_wa_mchana

Kabla hujaenda popote, swali la tisa. Linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Uwe na jina la mtu na namba ya simu ya mahali ambapo mwanamke anaweza kupelekwa siku hiyohiyo, sio wiki ijayo. Nimeona wanafunzi wanakusanya "ndiyo" za swali la tisa kisha wanafunga laptopu wanaaga. Usifanye hivyo hata kama kamati ya maadili haikuuliza.

kalamu_kavu

Asanteni sana aisee, hapa nimepata zaidi ya semester nzima. Ntaanza na mazungumzo kwanza. Swali la tisa nimeliandika ukurasa wa kwanza.

Bado silabasi. Naona tumeongea utafiti tu, darasani je?

mzee_wa_maktaba

Darasani usiongeze wiki ya Afrika. Chukua mada ileile ya kawaida uifungue. Mnafundishwa mahusiano ya mtoto na mama, Mary Ainsworth na kile chumba chake, mama anatoka mgeni anaingia, dakika kama ishirini, mtoto anapangwa kwenye aina fulani ya uhusiano. Wangapi mmeambiwa kwamba alianzia Uganda, 1954 na 1955, akitembelea familia 26 nyumbani kwao kwa miezi, na alikuta watoto wanaolelewa na watu kadhaa? Kitabu kilitoka 1967. Kilichosafiri dunia nzima sio ile miezi, ni kile chumba. Mpe mwanafunzi vyote viwili aone mwenyewe ulipopotea ulezi wa watu wengi. Ukishafanya hivyo kwa mada tatu nne huna haja ya slaidi za Fanon, wataenda kumtafuta wenyewe.

fundi_bisibisi

Ainsworth alikaa nyumbani kwa watu Baltimore pia mzee, masaa mengi tu, tumtendee haki. Ila nimekuelewa, waliomfuata ndo walichukua chumba wakaacha nyumba.

@kalamu_kavu ukimaliza weka data wazi mtandaoni, alama zote na simulizi zote, mimi mwenyewe ntazichambua upya nione kama kweli maswali ya uchovu yanajitenga. Uwazi ndo utatuokoa sisi sote.

Mama_Takwimu

Alama weka wazi, zikishaondolewa kila kitu cha kumtambulisha mtu. Simulizi hapana, sio kwa kauli ya fundi wala yangu. Mwanamke aliyekimbia kipigo, ukiweka simulizi yake mtandaoni hata bila jina, aliyempiga atamjua kwa mistari miwili. Wasan wa Afrika Kusini walichoka kupimwa na kuchapishwa, 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za watafiti, heshima, ukweli, haki, kujali, na utaratibu wa kufuata, mtafiti anapitia kwao kabla hajaanza na anarudi kwao kabla hajachapisha. Fanya hivyo. Kwenye fomu ya ridhaa usiweke kisanduku kimoja cha "nakubali", weka vitatu, kuhojiwa, simulizi kunukuliwa kwenye tasnifu, na simulizi kuhifadhiwa kwa watafiti wengine, kila kimoja na jibu lake, na ukishaandika sura ya matokeo rudi uwasomee kabla supavaiza hajaiona.

fundi_bisibisi

Wakisema matokeo sio ya kweli je?

Mama_Takwimu

Unaandika kwamba wamesema hivyo na sababu waliyotoa, kwenye sura hiyohiyo ya matokeo, sio kwenye kiambatisho.